Mkalimani Ndani ya Gari

Leo tuache kompyuta za mezani, tuzungumze kuhusu ile iliyojificha ndani ya gari.

Nianze na aibu yangu. Mjomba wangu anakaa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, na gari lake dogo ndilo linalomlisha: asubuhi anapeleka watoto shule, jioni anawarudisha. Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, nikajitia mtaalamu. Nikachomeka skana yangu ndogo chini ya usukani, simu ikaonyesha P0171. Maana yake, hewa ni nyingi mno kulinganisha na petroli. Nikasema, "Mjomba, kitambuzi cha oksijeni kimekufa, nunua kingine." Akanunua, kwa pesa za karo ya binti yake. Kesho yake taa ikawaka tena.

Kabla sijawaambia mwisho wake, tuone kwanza taa hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye moshi. Miaka ya 1950 huko Los Angeles, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu uliowatoa watu machozi ulitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta. Jimbo la California likaanza kukaza sheria, na watengenezaji wakatia kompyuta za kudhibiti petroli. Kuanzia magari ya mwaka 1988, California ikataka kompyuta hiyo ijichunguze yenyewe na kuwasha taa ikiona kasoro.

Shida ikawa lugha. Kila kampuni ilikuwa na plagi yake na namba zake. Toyota nyingi za wakati ule hazikuhitaji hata skana: fundi aliunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha akahesabu taa inavyomweka. Mara mbili, kimya, mara moja: hiyo ni 21, kitambuzi cha oksijeni. Fundi wa mjomba alijifunzia kazi hapo.

Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha magari madogo yote mapya yawe na OBD-II: soketi ya pini 16 na namba za kasoro zinazofanana. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Lakini nyuma ya soketi ile moja ziliruhusiwa lugha tano! Ilipofika 2008 ndipo Marekani ikabakiza moja tu, CAN, ambayo Bosch iliitangaza mwaka 1986.

Lugha tano zataka mkalimani, na mji wetu, uliopokea majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, unaijua kazi hiyo. Kampuni ya ELM Electronics ya Canada ilitengeneza chipu ya ELM327, na yenyewe iliiita hivyo hivyo, mkalimani. Ukituma 010C, yaani "injini inazunguka kasi gani?", gari laweza kujibu 41 0C 0B B8. Hiyo 0BB8 ni 3000. Gawa kwa 4, upate mizunguko 750 kwa dakika. Amri za chipu yenyewe huanza na AT, kama modemu za zamani! Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, nakala zikajaa duniani, ndiyo maana mtu kama mimi anamudu skana. ELM yenyewe ilifunga duka mwaka 2022.

Sasa, sisi na sheria za California wapi na wapi? Jibu liko Kilindini. Magari mengi yanayoshuka pale ni mitumba ya Japani, na Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo mabadiliko ya huko hutufikia yamechelewa. Tena magari mengi ya soko la ndani la Japani, ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, yana soketi ya umbo lile lile lakini yanazungumza lugha ya kampuni tu. Unachomeka, inaingia sawasawa, halafu kimya. Mkalimani kakwama.

La mjomba lilijibu. Aliyekosea ni mimi. Yule fundi mzee alisikiliza injini, akapitisha mkono polepole juu ya mipira, akasita pahali. Mpira mmoja wa hewa ulikuwa na ufa. Hewa iliingia bila kupita kwenye kipimo. Kitambuzi kilikuwa kizima, kilisema kweli, nami nikamfukuza kazi shahidi mkweli.

"Mwanangu," akaniambia, "mashine yako imekwambia imeona nini. Haikukwambia kwa nini."

Ukiangalia historia, ana haki. Sheria ya moshi ilizaa ripoti ya moshi. Namba ile ni mahali pa kuanzia kutafuta, na kutafuta kwenyewe bado ni kazi ya mtu.

Pesa za mjomba namrudishia kidogo kidogo. Tukijaliwa, siku nyingine tutaandika pamoja programu ndogo ya kusoma namba hizo. Mpira wa hewa, muulizeni fundi.