Kwa nini mgeni hapikiwi dona?

Ukifika kwetu Tunduru kama mgeni, hupikiwi dona. Utawekewa wali, au ugali wa sembe nyeupe. Dona, kisamvu na mbaazi ni vyetu wenyeji, tena siku ambazo hakuna anayetuangalia. Bibi yangu anaviita chakula cha shida. Sasa twende taratibu tuone historia inasemaje.

Tuanzie 1989. Mwaka huo Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya kupima sukari watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika 1 kati ya 100. Ruka hadi 2012: utafiti wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta takriban 9 kati ya 100. Kweli, tafiti hizi hazilingani kwa umri wala maeneo, lakini mwelekeo si unauona?

Katikati hapo kuna 1993. Kule Marekani, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wenye unene uliopitiliza hutoa kemikali ileile ambayo kinga ya mwili huitumia kuwasha uvimbe. Kemikali hiyo huifanya insulini isisikilizwe. Insulini ni homoni inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli. Isiposikilizwa, sukari inabaki kwenye damu, kongosho nalo linaelemewa. Huu ndio uvimbe sugu: hauumi, hauonekani, ila hauzimiki.

Je, unaweza kuzimwa? Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na Uholanzi walitoa matokeo ya wanaume 77 wa Kilimanjaro. Watu wa kijijini waliohamishiwa mkate mweupe, soseji na chipsi kwa wiki 2 tu, uvimbe ulipanda kwenye damu yao na uzito ukaongezeka. Wa mjini waliorudishiwa ndizi, maharage na mboga za asili, uvimbe ulishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye.

Tunduru hatukupimwa, na wanawake pia hawakuwemo. Dona si dawa. Kama unatumia dawa za sukari, usiziache. Lakini wiki 2 si muda mrefu, na shamba la mbaazi liko nyuma ya nyumba. Nikirudi likizo nitamwomba bibi apike dona, na safari hii tule pamoja na wageni.