Tuo, si Kuangushwa

Katika futiboli ya Kimarekani ya shule za sekondari, mbeba mpira huhesabiwa kuwa ametua, na mpira kuwa umekufa, mara sehemu yoyote ya mwili wake isipokuwa kiganja au wayo inapogusa ardhi, awe ameguswa na mpinzani au amejikwaa peke yake. (Anayeandika "mkono au mguu" huwa ameruhusu kiwiko na goti, viungo vilevile vinavyoua mpira.) Kwa hiyo wanaoliita tukio hilo (dauni kwa Kiingereza) "kuangushwa" wamekosea, kwani kauli ya kutendwa hudai mtenda, na mtenda huyo anahitajika katika ligi ya kulipwa ya NFL, ambako aliyeteleza bila kuguswa huweza kuinuka akaendelea kukimbia, wala si katika kanuni za shule. Inasikitisha kwamba -w- moja imeachwa ipotoshe sheria nzima.

"Kuanguka" nako hakutoshi, kwa kuwa mbeba mpira anayeshikwa akiwa wima na kuzuiwa kabisa kusonga mbele, mpira wake hufa ilhali hajaanguka. Ama "chini", pendekezo linalotetewa kwa ukali usiolingana na hoja zake, huvunjika mara linapohesabiwa: timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kila moja likiitwa dauni pia, nayo "chini ya nne" kwa Mswahili ni idadi isiyofika nne.

Neno la Kiingereza, dauni, lilitokana na fungu la maneno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya "kutoka kilimani", lakini mchezo ulilipokea kupitia raga, ambayo sheria zake za mwaka 1871 zilimtaka mchezaji aliyekamatwa akiwa na mpira atamke neno hilo kwa sauti, kisha auweke mpira papo hapo. Lilikuwa, basi, tangazo la mwenye mzigo kwamba anautua. Mwaka 1882, Walter Camp wa Yale alipoleta kanuni ya majaribio matatu kwa yadi 5, tangazo likawa kizio cha kuhesabia. Yadi zikafika 10 mwaka 1906, na jaribio la nne likaongezwa mwaka 1912. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba maana zote mbili, kwani mpagazi hutua mzigo, jua hutua bila kuangushwa na yeyote, na katika kitenzi hicho hupatikana tuo, yaani mahali ambapo msafara hupumzika kabla ya kuendelea. Tuo la kwanza, tuo la nne, matuo manne: hesabu imekaa sawa, na wanaolikataa neno hili kwa kudai kuwa ni la kale hawajaleta lililo bora.

Katika matumizi, mpira hufa kwa tuo lenyewe na filimbi ya mwamuzi huthibitisha tu, isipokuwa kwa mshikaji anayeupokea mpira akiwa amepiga goti ili mwenzake aliye tayari aupige teke; mshikaji huyo hahesabiwi kuwa ametua.