Asili ya Majina ya Weupe Uliofifia

Kitabu cha Kiingereza chataja ukuta wa rangi ya “ivory”, kitambaa cha “ecru” na koti la “beige”. Mwalimu hufasiri yote kwa neno moja: nyeupe. Nami nilifanya hivyo siku moja hapa Ifakara, hata mwanafunzi akaniuliza: “Mwalimu, mchele ni mweupe, na chokaa ni nyeupe, je, ni rangi moja?” Nikamjibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Baadaye niliona kuwa nimekosa, maana naliisingizia lugha upungufu uliokuwa wangu mwenyewe.

Tutazame asili ya maneno hayo. “Ivory” ni pembe ya ndovu tu. “Ecru” ni neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kibichi, yaani nguo isiyong’arishwa kwa dawa. “Beige” nalo latoka Ufaransa, na lilikuwa jina la sufu isiyotiwa rangi. Basi watu wa Ulaya waliazima majina ya vitu walivyovishika mikononi.

Nasi tulikuwa navyo. Sayyid Said alipatana na Marekani mwaka 1833, na merikebu za Salem zikaleta Unguja nguo ya pamba isiyong’arishwa, ambayo watu waliiita merikani. Bafta ilikuwa nyeupe kabisa. Merikani ilikuwa na weupe uliofifia. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikatiza biashara hiyo, lakini jina halikuondoka. Nazo pembe za ndovu za bara zilivuka bahari kwenda Marekani, zikachongwa kuwa vibao vya vinanda. Hivyo Kiingereza huutaja weupe huo kwa kitu mfano wa kile kilichotoka kwetu. Kiswahili chaweza kuutaja kwa kitu kilichotoka kwao.

Wala mtu asidhani kwamba jina la nguo haliwezi kuwa jina la rangi. Hudhurungi zamani ilikuwa nguo ya kushonea kanzu. Leo ni jina la rangi, na nguo yenyewe imesahauliwa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, yatupasa kutafuta kabla ya kusema kwamba hakuna. Mtoto aambiwaye kila siku kuwa lugha yake haina neno, mwisho huidharau. Tuna rangi ya pembe, ya maziwa, ya merikani. Na mwanafunzi yule alikuwa amekwisha kunipa jibu ndani ya swali lake: uko weupe wa mchele, na uko weupe wa chokaa.