Walipigwa Virungu kwa Bia ya Mtama: Stori ya Durban Ambayo Wapenzi wa Bia za Krafti Hawaijui

Leo tunaweka pembeni habari za nani kamwacha nani, tunaingia kwenye historia kidogo. Usikimbie, hii ina vurugu, ina pesa, ina wanawake wenye fimbo mkononi na ina bia. Nyingi tu.

Kuna ubishi ambao huwa hauishi kila zinapotoka picha za yale matamasha ya bia za krafti. Kama hujazipata vizuri, bia za krafti ni zile zinazopikwa kidogo kidogo na viwanda vidogo, kila mpishi na ladha yake, halafu watu wanakutana sehemu moja, muziki unapigwa, nyama inachomwa, unazunguka meza kwa meza unaonja. Picha zikitua tu, utasikia: "Acheni kuiga wazungu, Mwafrika na bia ya bakuli wapi na wapi." Upande wa pili nao wanajibu kwa nyodo kwamba wengine hamjaelimika, endeleeni na chupa zenu za jero.

Mimi naona pande zote mbili zimepotea njia. Yaani zimepotea vibaya.

Tuanze na hao wanaoitwa wenye mali. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920. Marufuku ikaondolewa 1933, lakini mtu kujipikia bia nyumbani kwake ikabaki ni kosa kisheria. Ilibaki hivyo mpaka 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya kuruhusu, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Miaka minne tu baada ya ile saini, 1982, wakafanya tamasha lao kubwa la bia kule Boulder, Colorado, na hao wapishi wa nyumbani ndio baadhi yao waliokuja kufungua viwanda vidogo. Kwa hiyo kilichozaa huu utamaduni ni ruhusa. Serikali ilitoa mguu wake kwenye sufuria za watu.

Sasa jiulize, Afrika huo mguu uliingia lini kwenye sufuria? Hapo ndipo tunapanda meli kwenda Durban.

Wote tunaujua wimbo wa Yvonne Chaka Chaka, Umqombothi. Kila harusi unapigwa, mashangazi wanaacha sahani zao wanaingia kati. Umqombothi ni bia ya kienyeji ya Afrika Kusini. Unga wa mahindi na kimea cha mtama vinalowekwa vichachuke, vinapikwa kama uji, ukipoa unaongezwa kimea kingine, unaachwa siku moja au mbili, unachujwa machicha, tayari. Kilevi chake ni kidogo, kama asilimia tatu hivi, ni nzito, ina uchachu, na inashibisha. Wapishi ni wanawake. Kwa Wazulu bia hiyo inawekwa kwenye chungu kinachoitwa ukhamba, mwenyeji anaonja kwanza watu waone kwamba ni salama, kisha chungu kinazunguka mkono kwa mkono. Haikuwa kitu cha kunywa peke yako na simu yako. Watu wamekuja kulima shamba lako, unawapikia. Kuna msiba, unapika. Binti anaolewa, unapika. Wazee waliotangulia wanamwagiwa ya kwao chini.

Ukiangalia hapo, hilo ni tamasha. Halina tiketi tu.

Durban ilikuwa mji wa bandari, na vijana wa Kizulu walimiminika kutafuta kazi za kubeba mizigo na kazi za majumbani. Wanaume wengi, mishahara midogo, wanalala kwenye mabweni. Wanawake nao wakaja mjini, ila kazi za mshahara kwao zilikuwa za kuhesabu. Walichokuja nacho ni ujuzi wa sufuria. Wakapika, wakauza, wakalipa kodi za vyumba na kusomesha watoto. Mama zetu wa vitumbua na genge, biashara ni ileile.

Mwaka 1908, Natal ikiwa bado koloni la Uingereza, ikapitishwa sheria iliyozipa halmashauri za miji haki ya kuwa muuzaji PEKEE wa bia ya mtama kwa Waafrika. Mwaka 1909 Durban ikawa imefungua vilabu vyake. Manispaa inapika yenyewe, inauza yenyewe, inahesabu pesa yenyewe. Na yule mama aliyekuwa anapika toka kwa bibi yake? Kuanzia hapo ni mhalifu.

Unaweza kudhani walijali afya au ulevi. Lugha ya kwenye makaratasi ilikuwa hiyo, usafi na nidhamu. Lakini fuata pesa, mdau. Faida ya vilabu iliingia kwenye mfuko wa kuwahudumia wenyeji, na mfuko huo ndio uliojenga mabweni na kuendesha ofisi na polisi waliokuwa wanawasimamia Waafrika haohao. Kwa maneno mengine, mbeba mizigo analipwa kiduchu, akinywa bia yake jioni anakuwa amelipia bweni lake na askari wa kumkagua vibali. Walipakodi wazungu hawaguswi mfukoni. Mpango ukapendeza sana hata ukapewa jina: Mfumo wa Durban. Mwaka 1923 sheria ya Afrika Kusini nzima ikaruhusu miji mingine ifanye hivyohivyo.

Na usifikiri ulibaki hukohuko. Nairobi nao waliuiga. Miaka ya 1920 manispaa ilifungua kilabu chake Pumwani, mtaa uleule ambao wanawake wengi walikuwa na nyumba zao na walikuwa wanapika pombe wenyewe. Kenya wakati huohuo Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa. Kiwanda kilikuwepo Nairobi tangu 1922, Tusker ilikuwepo, lakini Mwafrika alikuja kuruhusiwa kuigusa kihalali baada ya Vita Kuu ya Pili, miaka ya 1940 mwishoni. Kwa hiyo ya chupa ni marufuku, ya mama jirani ni marufuku, inabaki ya manispaa. Hapo utabishana na nani?

Durban walibisha.

Mwaka 1929 wafanyakazi wa bandarini na chama cha wafanyakazi cha ICU, wakiwa na kiongozi wao A.W.G. Champion, wakatangaza kususia vilabu vya manispaa. Hakuna kuingia. Mwezi Juni umati wa wazungu ukalizingira jengo la chama, vurugu zikalipuka, watu wanane wakafa: Waafrika sita na wazungu wawili. Ugomvi ulianzia kwenye kikombe cha bia, ndugu yangu, na mapato ya vilabu yakaporomoka kwa sababu watu waliendelea kususa. Mwaka huohuo, kwenye miji midogo ya Natal, wanawake waliandamana wakiwa na fimbo mpaka kwenye vilabu na kuwatoa wanaume nje. Majina yao wengi hayakuandikwa popote. Kwenye ripoti za polisi ni "wanawake wa kienyeji", basi, imeisha hiyo.

Hapa niseme kitu ambacho watu wa historia tamu-tamu huwa wanakiruka. Si kila kilichopikwa kwa kujificha kilikuwa bia safi ya bibi. Fikiria, umqombothi unahitaji siku kadhaa, sufuria kubwa na harufu yake inafika mtaa wa tatu. Polisi wakiwa wanavamia kila mara, mpishi anafanya nini? Anapunguza muda. Anaweka sukari, anaweka hamira, anafukia pipa ardhini, kesho yake inauzwa. Hizo pombe za haraka ndizo zilikuwa kali na za hatari, kule Johannesburg ya aina hiyo waliiita skokiaan. Kwa hiyo marufuku iliyosema inapambana na ulevi iliua bia ya asilimia tatu ikazaa kitu cha kukulaza mtaroni. Halafu wakubwa wakanyoosha kidole: mnaona, tuliwaambia pombe zao ni chafu.

Twende mwaka 1959, maana hapo ndipo kilipowaka kweli. Pembeni ya Durban kulikuwa na makazi ya mabanda yanaitwa Cato Manor, wenyewe wanapaita Umkhumbane. Maelfu ya watu, muziki, biashara, na wanawake wapishi kibao. Serikali ya ubaguzi ilishaanza kuwahamishia watu mji mpya wa KwaMashu, mbali kule. Mwanamke asiye na kibali cha kuishi mjini hakuwa na nyumba KwaMashu, alitakiwa arudi kijijini. Juni 1959, kwa sababu iliyotajwa ya kuzuia homa ya matumbo, watu wa manispaa wakaingia kumwaga pombe na kuvunja mitambo. Huku pombe ya mama inamwagwa chini, kilabu cha manispaa hapohapo mtaani kiko wazi, wanaume wamo wanakunywa. Waume zao. Pesa ya unga inaishia mle.

Wanawake wakakivamia. Waliingia na fimbo, wakawacharaza wanaume waliokutwa na vikombe mkononi, wakamwaga bia. Nikiwaza hiyo picha, baba mzima anatimuliwa baa na mkewe na majirani wa mkewe, nacheka kwanza. Ila kilichofuata hakichekeshi. Polisi walikuja na virungu, wakawapiga wanawake, wengine wamebeba watoto mgongoni. Maandamano yakasambaa Natal yote, vilabu vikasusiwa tena. Viongozi kama Dorothy Nyembe na Florence Mkhize tunawajua kwa majina. Wale wengine, wenye sufuria zao, hatuwajui. Januari 1960 askari walikuja tena Cato Manor kusaka pombe, safari hii tisa kati yao wakauawa na umati. Miezi miwili baadaye ikawa Sharpeville na dunia nzima ikageuza macho kule. Stori ya bia ikafunikwa.

Mwaka 1962 hatimaye Waafrika wakaruhusiwa kununua bia na pombe za "kizungu". Haikuwa huruma, kulikuwa na viwanda vinataka wateja. Vilabu vya manispaa viliendelea, na Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walipoingia barabarani, pamoja na ofisi za serikali walichoma vilabu vya bia. Vijana wadogo, hawanywi hata. Walikuwa wanajua pesa za baba zao zinakwenda wapi.

Sasa rudi kwenye ule ubishi wetu. Anayesema bia ya kupikwa kidogo kidogo na watu kukusanyika ni uzungu, amemeza maneno ya yule karani wa manispaa bila kujua. Na anayejiona mjanja kwa sababu ananusa glasi kabla ya kunywa, ajue kuna mama alikuwa anaonja mbele za wageni wake zamani sana, bila kumpiga mtu nyodo.

Kuna wanaojaribu kuunganisha hizo nyuzi. Afrika Kusini yuko Apiwe Nxusani-Mawela, anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi nchini humo kuanzisha kiwanda chake cha bia, na kwenye chapa yake ya Tolokazi kuna bia iliyotengenezwa kwa mtama. Mtama uleule. Hiyo naikubali mia kwa mia.

Kwetu huku mambo ni nusu nusu. Kenya walipiga marufuku chang'aa kwa sheria mwaka 1980, wakaja kuihalalisha kwa sheria ya 2010, ila kwa masharti ya chupa na leseni ambayo mama wa mtaani hayawezi kirahisi. Najua gongo na chang'aa ni za kukeneka na watu wamekufa na kupofuka, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Mimi naongelea bia. Mbege ya Wachaga kwa mfano: ndizi mbivu zinachemshwa masaa mengi mpaka ziwe nyekundu, zinakaa siku kadhaa, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye magome ya msesewe. Wazungu uchungu wanautoa kwenye maua ya hopsi, Mchaga anautoa kwenye mti. Ukipeleka mahari Kilimanjaro bila mbege, utarudi kuifuata. Mmekoseana na jirani, mnapatanishwa kwa mbege.

Lakini tembelea tamasha la bia za krafti mjini uhesabu ni meza ngapi za mbege, au za busaa, au za ulanzi kutoka Iringa. Mimi ningependa kuona yule mama wa kilabu cha Marangu amepewa meza yake pale mbele, na bango lenye jina lake kamili, analipwa bei ileile anayolipwa kijana mwenye ndevu wa meza ya pili. Akitaka kuonja kwanza mbele yetu, aonje.

Bibi yako alikuwa anapika nini, na nani alimfundisha? Nataka majina, sio "bibi mmoja wa kijijini".