Kamba Hii Rahisi Imelipiwa na Nani?

Ndugu msikilizaji, juzi nilikwenda Kariakoo kununua kamba ya kuanikia nguo. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake, aliniamkia, kisha akanitolea kamba ya buluu inayong'aa. "Chukua manila hii, mzee, haiozi hii." Nikamwuliza kama anayo ya katani. Akatazama juu kwenye shubaka, akasema, "Ipo, mzee wangu, lakini bei yake imesimama. Hii ndiyo rahisi."

Nikanunua ile rahisi. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani nimekuja hapa kuhubiri huku mikono yangu ikiwa safi.

Njiani nikirudi nyumbani nikawa nalitafakari lile neno "manila". Manila ni mji mkuu wa Ufilipino. Huko ndiko zilikotoka singa za mmea wa jamii ya mgomba, uitwao abaka, ambazo kwa miaka mingi zilisokotwa kamba za meli za dunia nzima. Lakini kamba yangu ya buluu haina hata uzi mmoja wa Ufilipino. Imetengenezwa kwa plastiki, na plastiki hiyo imetokana na mafuta ya petroli. Kitu kimeondoka, jina limebaki. Na ile ya katani, ambayo Wazungu huiita sisal, nayo imebeba jina la ugenini: Sisal ni bandari ndogo ya jimbo la Yucatán, nchini Mexico.

Wapo siku hizi wanaodhani kwamba dunia imeanza kuwa kijiji kimoja tangu zilipokuja kompyuta na simu za mkononi. Sivyo. Dunia ilikwisha kufungwa kamba zamani, na kamba yenyewe ni ya mkonge. Leo napenda tuifuate kamba hiyo, tuone ilianzia wapi na nani aliyeilipia.

Mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliletewa miche ya mkonge aliyokuwa ameiagiza. Habari za mmea huo alikuwa amezisoma katika jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Mexico, kwenye asili ya mmea, hawakutaka miche itoke nchini mwao, maana hakuna mtu anayemkabidhi jirani ufunguo wa ghala lake. Kwa hiyo miche 1,000 ilinunuliwa Florida, Marekani, ambako mkonge ulikuwa umepelekwa miaka ya 1830 na Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani katika mji wa Campeche. Ikapakiwa melini hadi Hamburg. Ilipofika huko, iliyokuwa hai ni kama 200 tu. Ilipofika pwani yetu ilibaki 62. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Miche sitini na miwili, ndugu msikilizaji! Kutokana na hiyo, mashamba yakaenea Pangani, Muheza, Korogwe, yakafika Morogoro na Kilosa, hata abiria wa gari moshi akawa anatazama dirishani saa nzima asione kingine ila mistari ya mkonge.

Kwa nini Mjerumani ahangaike kiasi hicho? Jibu lilikuwa katika mashamba ya ngano ya Marekani. Katika miaka ya 1880 wakulima wa huko walianza kutumia mashine za kuvunia zilizokata ngano na kuifunga miganda kwa uzi. Mashine hizo zilikula uzi kama moto ulavyo nyasi za kiangazi. Yucatán ikatajirika kwa mkonge wake, ndugu wa huu wetu. Mabwana wa huko wakauita dhahabu ya kijani, wakajenga majumba ya fahari mjini Mérida. Lakini waliokata majani juani walikuwa Wamaya waliofungwa na madeni yasiyolipika, na baadaye watu wa kabila la Yaqui waliong'olewa kwa nguvu makwao kaskazini ya Mexico. Mtu wa Chicago aliyekula mkate wake asubuhi hakuwajua watu hao. Aliona tu kwamba mkate ni rahisi.

Huku kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani, wakayauza kwa mnada. Yakanunuliwa na Wagiriki, Wahindi, Waswisi na Waingereza wenyewe. Mwenye shamba alibadilika, mkata mkonge hakubadilika. Jirani za mashamba, waliokuwa na vyakula vyao, hawakuwa na hamu ya kazi ile. Ikabidi watu watolewe mbali: Ubena, Unyakyusa, Uha, hata Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilianzisha ofisi ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Watu hao ndio waliopewa jina la manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba.

Wengi wetu tumelisikia neno hilo likitumiwa kama tusi. Tulitazame vizuri. Mtu ametoka kwao na jina lake, na jina la baba yake, na mashairi ya ukoo wake. Anafika Tanga anapewa namba na kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Siku uliyomaliza kazi yako, nafasi moja inatiwa alama. Siku uliyoshindwa kumaliza, huhesabiwi. Mshahara haukuja mwezi ulipoandama, ulikuja kipande kilipojaa. Miiba ya mkonge inachoma, maji yake yanawasha ngozi, na kule kwenye korona, mashine ya kuparia majani, mikono ilikuwa hatarini.

Ilipokuja Vita ya Pili, Wajapani waliteka Ufilipino na kisiwa cha Java mwaka 1942. Manila ya kweli ikakatika, na mkonge wa Java ukakatika. Meli za kivita za Uingereza na Marekani zilihitaji kamba, na macho yote yakageukia Tanganyika. Serikali ya kikoloni ilifikia hadi kuwachukua watu kwa sheria, wakapelekwa mashambani kwa lazima. Hivyo mtu wa bara ambaye hajapata kuiona bahari alikata mkonge kwa ajili ya vita ya baharini iliyopiganwa upande wa pili wa dunia.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mkonge ulikuwa zao la kwanza kutuletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 tulivuna karibu tani 230,000. Hapo tulifika kileleni. Na aliyefika kileleni, njia iliyobaki ni ya kushuka.

Tulishushwa na nini? Mwaka 1954, katika mji wa Milan, Italia, mwanakemia Giulio Natta alifaulu kutengeneza plastiki ya aina mpya, iitwayo polipropilini. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao. Hawakuwa na ugomvi na mtu wa Korogwe, na yumkini hawakumfikiria kabisa. Lakini plastiki hiyo ilisokotwa kuwa uzi, uzi ukafunga nyasi kavu za mifugo huko Ulaya na Marekani, na bei ya mkonge ikaanza kuporomoka.

Wako wanaosema mkonge uliuawa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilipoyachukua mengi ya mashamba. Kwamba uendeshaji wetu ulikuwa na kasoro kubwa, sitabisha. Mashamba yalizeeka bila kupandwa upya, na mitambo ikachakaa. Na Brazil, waliouzia soko lile lile lenye plastiki ile ile, walitupita na mpaka leo wako mbele yetu. Lakini bei ilianza kuanguka miaka mitatu kabla ya Azimio. Jahazi lilikuwa limekwisha kupigwa na wimbi, nasi tukazembea kufumba nyufa. Yote mawili ni kweli.

Kisha ukaja mwaka 1973. Vita vikapiganwa Mashariki ya Kati, bei ya mafuta ikaruka, plastiki ikawa ghali. Mwaka 1974 bei ya mkonge ikapanda ghafla. Mizinga imelia Sinai, nafuu imeonekana Muheza! Lakini mafuta yale yale yalipandisha gharama ya dizeli ya kuendeshea korona na malori, na nafuu haikukaa. Kufikia miaka ya 1990 mavuno yetu hayakufika hata sehemu moja kwa tano ya yale ya 1964. Kambi za manamba zikabaki na wazee na wajukuu wao, ambao hawakuwa tena na kwao pa kurudi.

Plastiki ikashinda kwa sababu ilikuwa rahisi. Lakini Waswahili tuna msemo: rahisi ni ghali. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza kiasi cha tani milioni 2 za plastiki. Siku hizi ni zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka, na inayorudishwa kiwandani ikatumika tena haifiki sehemu moja kwa kumi. Nyingine inachomwa, inafukiwa, au inakwenda na maji. Sifa aliyonipa yule kijana wa dukani, kwamba haiozi, ndiyo ila yake. Mvuvi wa Tanga aliyefurahia kamba isiyooza leo anaivuta pamoja na nyavu zilizokufa na mifuko. Kamba ya mkonge ikikatika baharini, bahari huimaliza. Hii nyingine inakatika vipande vidogo na vidogo zaidi, isiishe.

Nchi zetu zimejitahidi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Mwaka 2022 mataifa yalikutana Nairobi, yakakubaliana kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki. Agosti 2025 wajumbe waliagana Geneva bila mkataba. Nchi nyingi zilitaka kiasi kinachotengenezwa kipunguzwe. Zenye mafuta yake zilitaka kuzungumza habari za takataka tu.

Sasa nisieleweke vibaya. Silii ili mkonge wa zamani urudi kama ulivyokuwa. Kamba ile nayo ilikuwa rahisi kwa sababu kuna aliyeilipia: mkata mkonge aliyeitwa kwa namba, mwenyeji aliyepoteza ardhi yake, na mito iliyomwagiwa maji machafu ya korona. Kamba zote mbili zilikuwa na bei mbili. Moja iliandikwa dukani, nayo mnunuzi aliilipa. Ya pili haikuandikwa popote, na ililipwa na mtu ambaye hakuwapo dukani.

Nalisema hili leo kwa sababu dunia imeanza tena kututazama. Wanatafuta nyuzi zinazooza, na mkonge unatajwa. Katika jani la mkonge singa ni kama sehemu nne tu kwa mia. Zamani zilizobaki zilitupwa. Sasa inajulikana kwamba zinatoa gesi na umeme, na pale Hale mtambo wa namna hiyo ulijengwa. Baadhi ya mashamba ya zamani yanalimwa na wakulima wadogo kwa majina yao wenyewe. Hayo ni mambo mema.

Lakini hebu tujiulize kabla mnunuzi hajapiga hodi. Je, tutauza tena singa ghafi, kamba ikasokotwe kwingine? Je, mkulima wa Korogwe ataijua bei ya soko la dunia kabla hajakata, au ataambiwa akishakata? Na yule kibarua anayechomwa na miiba, je, ataitwa kwa jina lake? Tukishindwa kuyajibu hayo sasa, watayajibu wengine kwa niaba yetu, kama walivyoyajibu mwaka 1893, na sisi tutabaki kuhesabu nafasi za kipande.

Kamba yangu ya buluu nimekwisha kuifunga uani, na nguo zimeanikwa. Itadumu. Nadhani itadumu kuliko mimi, na hilo ndilo linalonisumbua. Wiki ijayo tukijaliwa tutaonana tena.