Unyoya ulale vipi kwenye mshale?

Mahindi yanapoanza kubeba, wenye mashamba yanayopakana na msitu wa Shagayu huniuliza zaidi habari za nguruwe kuliko mbolea. Sasa vijana wamekuja na swali jingine: ukitengeneza mshale mwenyewe, manyoya uyabandike yamenyooka au yainame? Nitajibu, ila itabidi tupitie kwa wazee, maana unyoya wao ulilala kwa sababu maalumu.

Kanuni ni hii. Unyoya ulionyooka sambamba na uti wa mshale haupunguzi sana mwendo. Ukiuinamisha kidogo, nyuzi 1 hadi 3, hewa inausukuma upande mmoja, mshale unazunguka kama pia na kutulia mapema. Ukizidisha mwinamo, mzunguko unakula mwendo na mshale unachoka njiani. Chembe pana hutaka mwinamo zaidi, kwa sababu nacho kinakamata hewa kule mbele na kuuvuta mshale kando. Chembe chembamba kinaridhika na kidogo. Na usichanganye manyoya ya bawa la kulia na la kushoto katika mshale mmoja. Mikunjo yao hupingana.

Ndege naye ana maana. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham alitoa kitabu cha upinde, Toxophilus, akalisifu sana nyoya la bata bukini. Wahadza wa Ziwa Eyasi hutumia manyoya ya tumbusi au kanga na kuyafunga kwa kano za mnyama. Mishale yao ni mirefu, karibu mita 1, na urefu huo nao unasaidia mshale kutulia.

Ila mabingwa wa ukanda wetu walikuwa Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, wa nyika za Tsavo huko Kenya, upande wa pili wa mbuga unayoiona chini ukisimama ukingoni mwa milima yetu. Hao waliua tembo kwa mshale. Upinde wao ulikuwa mgumu ajabu, baadhi ukihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta. Lakini kilichoua hasa ni sumu ya mti wa msunguti, iliyopakwa nyuma ya chembe na kuviringishiwa ngozi isikauke. Mwindaji alimnyemelea tembo mpaka hatua chache. Kwa umbali huo mshale hauna nafasi ya kuyumba sana, na kazi yake ni kupenya tu. Sumu inamaliza kwenye moyo. Kwa hiyo ukiiga unyoya wa mzee wa nyika bila upinde wake, unyemeleaji wake na sumu yake, umeiga nusu ya kazi.

Na hiyo nusu nyingine imefungwa na sheria zamani. Mwaka 1896 gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri iliyotaka leseni ya kuwinda. Kule Tsavo, msako wa 1956 na 1957 uliwapeleka Waata wengi gerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wawinde kwa idhini, haukudumu. Kwetu, Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951 na hifadhi ya taifa mwaka 2008. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na silaha yenye sumu hairuhusiwi. Kijana akikutwa hifadhini na podo mgongoni, hakuna atakayemuuliza habari za mahindi yake.

Tena kwa nguruwe mshale haukuwa hata sifa ya kwetu. Mbegha aliyetoka Ngulu, ambaye habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alikuwa mwindaji wa nguruwe, na anakumbukwa kwa mbwa wake. Wasambaa walimpenda kwa sababu aliwaondolea mharibifu wa mashamba akawagawia nyama. Kwenye vichaka vyetu mshale hugonga tawi kabla ya kufika, na nguruwe aliyejeruhiwa hugeuka.

Kwa nguruwe, basi, fyeka ukanda wa kichaka kwenye mpaka wa shamba lako. Mihogo na viazi vitamu viwe mbali na msitu, pilipili iwe upande wa msituni. Majirani mpeane zamu za usiku tangu mahindi yakiwa na maziwa mpaka yakauke, kwa moto na madebe. Wakizidi, mwone mtendaji wa kijiji awaite watu wa wanyamapori kutoka halmashauri.

Anayetaka upinde kwa mchezo wa shabaha, ajaze gunia pumba, alisimamishe mbele ya kingo ya udongo pasipopita watu, achukue manyoya matatu ya bawa moja la bata mzinga, aanze na nyuzi 2. Mshale ukiyumba, aongeze 1.