Kanga ya Bonde la Kilombero na Maonyesho ya Lubaina Himid

Zamani sana kabla ya reli ya TAZARA kupita Ifakara, na kabla ya daraja kuchukua mahali pa kivuko cha mto Kilombero, nguo walizojifunga wanawake wa nchi za bara zilikuwa zimekwisha kusafiri masafa makubwa. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilipeleka merikani nyeupe na kaniki nyeusi, ikazibadilisha kwa pembe za ndovu. Na nguo hizo hizo mbili, zisizo na nakshi, ndizo alizovishwa mtumwa huko pwani, hata mtu akimwona mwenziwe kwa mbali akajua hadhi yake kwa kitambaa tu.

Kisha ikaja kanga. Wanawake wa Unguja na Mombasa, kama ijulikanavyo, walinunua leso zilizochapwa, wakashona vipande sita kuwa nguo moja, na wafanyabiashara walipoona jinsi walivyoipenda wakaagiza ng'ambo nguo nzima iliyochapwa kwa mfano huo. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa, na alama yake ya Mali ya Abdulla ikaenea kote. Maneno yakaongezwa chini ya nakshi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka katika milki ya mabwana walitupa kaniki wakajifunga kanga, wakasema kwa nguo jambo ambalo ulimi ulikuwa bado haujaruhusiwa kulisema. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa la fikra, wala silioni kuwa dogo kuliko yale yatundikwayo katika majumba ya sanaa.

Bonde letu lilikutana na pamba kwa njia nyingine, iliyo kali zaidi. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vita vya Maji Maji vikaenea, na tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakalishambulia boma la Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za rasharasha. Baada yake ikafuata njaa. Nguo iliyoletwa kwa thamani ya pembe ikawa zao lidaiwalo kwa kiboko. Mwenye kuandika tarehe ya kanga katika bonde hili akaiacha habari hiyo, ameacha nusu ya kisa.

Historia hiyo yote niliikumbuka kwa sababu ya msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria yeye akiwa mtoto wa miezi michache, na mama yake, fundi wa kubuni nakshi za nguo, akamchukua wakaenda kukaa Uingereza. Alisoma ubunifu wa jukwaa la michezo ya kuigiza, na mafunzo hayo hayakumwacha: sanaa yake haitundikwi ukutani tu, bali humwingiza mtazamaji ndani kana kwamba yeye ndiye mchezaji. Mwaka 2004 alitengeneza kazi yenye sanamu 100 za mbao, zenye kimo cha mtu, za watumwa waliopelekwa Ulaya kuwa wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, na kila mmoja akampa jina lake la asili pamoja na lile alilobandikwa na bwana wake. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata; mwaka uliofuata akatundika huko Gateshead bendera za nguo zilizotungwa kwa namna ya kanga, zenye maneno, watazamaji wakawa wanazivuta kwa kamba na kuzipanga upya. Novemba 2021 jumba la Tate Modern la London lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka mingi.

Wako wasemao kwamba sanaa ya namna hii, ambayo wazo hutangulia mkono, ni ugeni kwetu. Mimi nakataa kabisa. Mwanamke wa Ifakara achaguaye doti ya kanga kwa ajili ya jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, akajitanda na kupita mbele ya aliyemkusudia pasipo kutamka neno, amekwisha kuunganisha nguo, maandishi, mwili na hadhira katika kazi moja; Himid ameichukua kazi hiyo akaipeleka mahali pa kuta nyeupe, naye hafichi alikoitoa.

Na malaria, maradhi yaliyomwondoa Himid Unguja, yana tarehe yake hapa. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha Ifakara maabara ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa viliuzwa madukani kote Kilombero na Ulanga: nguo nyingine tena, hii ya kumkinga mtoto na mbu.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na treni ya TAZARA ilipoanza kupita miaka ya 1970, kanga iliyochapwa nchini ilipata njia nyepesi ya kufika bondeni. Basi ninatamani doti zilizomo masandukuni mwa bibi zetu zikusanywe mapema, kabla nondo na mafuriko havijazimaliza, zitundikwe mjini Ifakara kwa mpango wa miaka, na kando ya kila moja iandikwe nani aliivaa, katika arusi au msiba gani, na jina lake lilimlenga nani.